Maswali Yenu: Mzee Hockney, iPad na Miti ya Normandy

Kaka habari za majukumu. Mi nachora mabango ya maduka na ubavuni mwa magari, rangi ya mafuta na brashi, kazi kanifundisha marehemu baba. Sasa dogo mmoja hapa kazini kanionyesha habari za mzee wa Kiingereza, Hockney, eti kipindi cha corona alijifungia akachora miti na maua mpaka akafanya maonyesho ya peke yake London. Nikafurahi, afu naambiwa kumbe kachora kwa iPad! Hiyo nayo tuite uchoraji au tumechezewa akili? (Fundi, Mwanza)

Fundi salama kabisa, pole na kazi. Hujachezewa akili. Maonyesho yalikuwa pale Royal Academy, jumba la sanaa la London, yakafunguliwa Mei 2021 mpaka Septemba, picha 116, zote za iPad, zikachapishwa kwenye karatasi kubwa na kupangwa kwa kufuata kalenda, yaani unaanza na miti mikavu ya baridi haina hata jani, ukiendelea kutembea unaona inachipua, inachanua, mpaka unafika kwenye majani yameshonana. David Hockney kazaliwa 1937 kule Bradford, kwa hiyo wakati anazichora alikuwa na miaka 82, na usidhani brashi zimemshinda, huyu ndo yule ambaye mchoro wake wa bwawa la kuogelea wa 1972, akriliki kwenye kanvasi, uliuzwa dola milioni 90 na ushee mwaka 2018.

Sasa kwa nini iPad? Haraka, basi. Ua la mcheri, mti wa matunda wa nchi za baridi, linakaa siku chache limepukutika, mwanga wa asubuhi ndo usiseme, na wewe unajua rangi ya mafuta inavyogoma kukauka kukiwa na mvua. Kwenye skrini haungoji kitu, huchanganyi rangi kwenye kopo, na kwa vile skrini inawaka yenyewe unaweza kuchora jua linachomoza hata kabla hujawasha taa. Mkono ni uleule, jicho ni lilelile.

Ila hapo kwenye malalamiko yako kuna ukweli kidogo nami siufichi. Ukiangalia kwa karibu ile miti iliyochanua, utakuta madoa meupe na ya pinki yanafanana kabisa kama yamegongwa muhuri, maana ni brashi ya programu inarudia alama ileile. Kwenye skrini ndogo inapendeza sana, ikikuzwa kufika ukubwa wa ukuta inakuwa bapa, hakuna ile mifereji ya brashi inayoshika mwanga. Wapo wahakiki walioyaponda maonyesho kwa sababu hiyohiyo, wengine wakayasifia sana. Mimi nazipenda zaidi za mwanzo, za matawi makavu, hapo mstari wenyewe unaongea na muhuri haujaanza.

Mhariri, hujambo. Nimestaafu ualimu na sasa nataka kurudi kwenye kuchora. Kila mtu ananiambia nitafute upweke kama huyo mchoraji mnayemsifia, lakini kwangu wajukuu ni wengi na hawanyamazi. Je, bila kujitenga haiwezekani? (Mwalimu mstaafu, Tanga)

Shikamoo mwalimu. Hiyo stori ya upweke imetiwa chumvi. Hockney alihamia Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 2019, corona haijasikika popote, akanunua nyumba ya zamani yenye bustani ya miti ya matunda na kidimbwi, na nia ya kuchora machipuko ya pale, yaani ule msimu majani na maua yanarudi baada ya baridi, alikuwa nayo tayari. Kazi ya namna hiyo alishaifanya kwao Yorkshire, Uingereza, mwaka 2011, kwa iPad vilevile. Lokudauni ya Ufaransa ilipoanza Machi 2020 ilichofanya ni kumkatia wageni na safari, ye akaendelea na miti yake. Wala hakuwa peke yake, wasaidizi wake walikuwepo, na mbwa wake Ruby. Katikati ya hofu ile akawarushia watu picha ya maua ya njano yametokeza kwenye majani, akaipa jina la kuwakumbusha kwamba machipuko hayafutiki, ikazunguka dunia nzima.

Kwa hiyo wajukuu waache wapige kelele mwalimu wangu. Kilichombeba mzee ni kurudi kwenye miti ileile kila siku. Hapo Tanga sitegemei ukose mwembe karibu. Anza nao ukiwa unatoa majani mapya, yale yanayoning'inia laini yana rangi ya kahawia nyekundu, rudi kesho na keshokutwa mpaka yageuke kijani, halafu ngoja maua, halafu embe changa. Ye baada ya machipuko hakuishia hapo, aliendelea mwaka mzima, akaunganisha picha kuwa mchoro mmoja mrefu kama mkanda, zaidi ya mita 90, ukaonyeshwa kwenye makumbusho ya Orangerie, Paris, kuanzia Oktoba 2021. Wazo la mkanda alilitoa kwenye kile kitambaa cha kale cha karibu mita 70, kilichotariziwa picha, cha mji wa Bayeux, hukohuko Normandy.

Mimi nachora kwa simu, kila nikipost watu wanasave bure. Huyo anauzaje kitu ambacho kinaweza kukopiwa? (Kisumu)

Faili lenyewe hauzi ndugu yangu, anauza printi. Zinachapwa kwa idadi iliyopangwa, kila moja ina namba na sahihi yake, na idadi ikitimia hazichapwi tena. We pia unaweza: tafuta printa anayetumia wino usiofifia na karatasi nzito, sio ile ya picha za pasipoti, chapa chache, andika kwa penseli chini yake namba ya nakala na jumla yake, weka sahihi. Za kupost weka ndogondogo, ile kubwa yenyewe baki nayo. Bei ya mzee lakini usiige, ye ana jina la zaidi ya miaka 60.