Kabla ya kulipa, angalia vibanzi viko miguuni mwa nani

Zawadi ya kwanza ya mafunzo niliyomnunulia mtu ilikuwa hasara tupu. Mdogo wangu hawezi kupita karakana ya seremala bila kusimama, basi nikamlipia siku nzima ya kujifunza kuchonga, mahali ambapo sitapataja. Walifika wanafunzi kumi na wanne, tezo (vishoka vya kuchongea) zilikuwa tatu. Asubuhi fundi alichonga, wao wakatazama. Mchana kila mmoja akapewa twiga aliyekwisha kuchongwa, ampige msasa. Jioni akaniambia, "Ahsante dada," kwa sauti ya mtu aliyepewa soksi.

Mwaka jana ikawa zamu ya mjomba. Alistaafu bandarini, na tangu hapo alikuwa akishinda barazani Kibokoni, Mombasa, akikosoa serikali na kahawa. Safari hii sikutuma hata arubuni kabla ya kwenda mwenyewe. Nilipanda matatu hadi Magongo, nikamwomba fundi ruhusa nikae darasani nusu saa. Macho yangu yalikuwa sakafuni. Vibanzi (vya mbao, si vya viazi) vikiwa vimejaa miguuni mwa fundi peke yake, ujue unanunua tamasha. Pale vilikuwa miguuni mwa wanafunzi, na kijana mmoja alikuwa na plasta kidoleni. Nikalipa.

Jambo la pili ni mti wenyewe, na hapa uliza bila haya. Wachongaji wa Mombasa walizoea mpingo na muhugu, lakini muhugu hukua polepole na umekatwa mno, kwa hiyo wengi wamehamia mwarobaini na mwembe. Kwa anayeanza, mwarobaini una raha yake: ni ule ule tulionyweshwa majani yake kwa homa, unaota kila ua, na gogo likiwa bado bichi tezo inaingia vizuri. Ukikauka unakuwa mgumu, mkono unachoka kabla ya saa nne. Tatizo ni kwamba mti mbichi ukikaushwa haraka hupasuka. Fundi anayejua kazi atamweleza mwanafunzi akifunge kitu chake kwa gazeti, akiweke kivulini, asikianike juani kama dagaa. Fundi wetu hakusubiri aulizwe, alilitaja mwenyewe, nikampenda papo hapo.

Uliza pia gogo limetoka wapi. Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia 2008, si mahali pa kukata miti, na mikoko haikatwi bila kibali. Akianza kuzungukazunguka, mimi naaga.

Kisha watu hukosea kazi ya kwanza. Mjomba alitaka kutengeneza mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja, kwa sababu ya marehemu bibi. Fundi akamwambia, "Mzee, mbuzi ina maungio, tuanze na mwiko." Mjomba akanuna kidogo. Lakini mwiko unamalizika siku moja na unarudi nao nyumbani, nayo mbuzi ingemshinda akaachia njiani. Mwalimu anayemwahidi mgeni sanamu ya simba kwa siku moja, mwogope.

Tarehe usiichague wewe. Kushika tezo mchana wa Ramadhani na kiu ile ni adhabu. Mvua za masika nazo hazikaushi kitu. Tena mtu wa Likoni kufika Magongo saa mbili asubuhi, pana feri, pana foleni ya Makupa, atafika ameshakasirika. Mpe bahasha yenye nambari ya fundi, siku wapangane wenyewe. Na uliza kama ada ina mbao na vifaa ndani, maana kuna mahali utaambiwa patasi uje nayo.

Wengine huniuliza kama mtu mzima wa miaka sitini na tano si amechelewa. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza kuchonga kwa Wazaramo akiwa askari Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ufundi wake ndio uliosambaa Ukambani hadi huku Changamwe, ambako ushirika wa wachongaji ulianzishwa 1963. Yeye alikuwa vitani. Mjomba ana kiti na kahawa.

Mwiko wake ulitoka umepinda shingo. Mama anaukorogea sima na hataki mtu mwingine auguse, ingawa una ufa mdogo, kwa sababu mjomba hakuweza kungoja akauweka dirishani. Amerudi kwa fundi mara nne tangu hapo, kwa pesa zake. Juma lililopita alinipigia simu usiku kuniuliza noo nzuri, jiwe la kunolea, inauzwa wapi, na kwa nini sikumpa pamoja na bahasha.