Reki na pinioni unaweza kuisajilia hataza? Mimi nilipigwa chini mara tatu

Mkuu uliyeuliza kuhusu geti lako la kuslide, lile linalojifungua kwa uzito unaoshuka umeme ukikatika, kwamba hiyo reki na pinioni uliyoweka (chuma kirefu chenye meno na gia ndogo inayokisogeza) unaweza kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wako, au watakucheka, ngoja nikujibu kwa kirefu maana hili somo nimelilipia ada mwenyewe. Mimi sio mwanasheria, ni fundi wa kukereza na kuchomelea, huku Tabata, ila nimehangaika na hiki kitu karibia mwaka mzima.

Ilikuwa hivi. Mama mdogo wangu analima mchicha bonde la Msimbazi, anamwagilia kwa keni asubuhi na jioni, mgongo umekwisha. Nikamtengenezea pampu ya mkono. Silinda mbili za bomba la plastiki, katikati pinioni moja, na reki mbili zinatazamana kushoto na kulia kwake. Ukivuta mpini reki moja inapanda nyingine inashuka, ukirudisha zinabadilishana, kwa hiyo maji hayakatiki. Reki zenyewe nilichukua hizi za mageti, moduli 4 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino), zinazouzwa vipande vya mita moja, pinioni nikachonga meno 18. Piga hesabu, pai mara 4 mara 18, mzunguko mmoja unasogeza reki milimita 226, mimi nilikuwa nataka kama 150 tu kwa hiyo mpini unazunguka theluthi mbili unarudi. Ilifanya kazi kinoma. Nikajiona nimevumbua, nikaanza kuulizia BRELA, ofisi ya serikali inayosajili hataza, wanataka nini.

Nashukuru kuna jamaa anafundisha uhandisi akaniambia kabla hujalipa hata shilingi nenda kasachi kwanza. Nikaingia Google Patents na Espacenet, tovuti za kutafutia hataza, nikaandika maneno ya kawaida tu, nikaletewa maelfu ya vitu, siku mbili nasoma sielewi. Hapa ndio watu wengi wanakwama, wanatafuta kwa maneno. Hataza zimepangwa kwa namba za mafungu dunia nzima, na mifumo ya reki inayogeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi iko F16H 19/04, umbo la reki yenyewe liko F16H 55/26, na stelingi za magari za reki ziko B62D 3/12. Wewe wa geti ongeza fungu la E05F 15, ndio la mashine za kufungua milango na mageti. Ukichanganya namba ya fungu na neno moja au mawili yanayohusu kile kitu chako hasa, takataka zote zinapungua unabaki na vitu vya kusomeka.

Sasa kilichoniua mimi hata hakikuwa hataza. Kilikuwa mchoro wa kitabu. Mwingereza mmoja Francis Hauksbee, mwanzoni mwa miaka ya 1700, alikuwa na pampu ya kutoa hewa yenye silinda mbili, pinioni katikati, reki mbili, moja inapanda nyingine inashuka. Mkuu, ilikuwa pampu yangu ile ile! Ya kwake inavuta hewa ya kwangu inavuta maji, basi. Na kitabu chake kilichapishwa 1709. Nilibaki naangalia simu kama mtu aliyefumaniwa. Na hapo ndipo nikaelewa kwamba upya wa uvumbuzi haupimwi kwa hataza peke yake, kitu kikishachapishwa popote duniani, kitabu, gazeti, katalogi ya muuza mageti, basi kinahesabika kimeshajulikana, haijalishi ni cha juzi au cha miaka mia tatu na haijalishi kama hapa Bongo hakuna aliyewahi kukiona.

Sikukata tamaa, nikasema sawa, wazo kubwa limekwenda, lakini kuna vitu vidogo niliongeza. Cha kwanza springi. Meno yakilika reki inaanza kuwa na plei, yaani inachezacheza, mpini unagonga, kwa hiyo nyuma ya reki niliweka kipande cha kuegemea chenye springi na nati ya kurekebisha, springi inaisukuma reki ibanane na pinioni muda wote. Nikaenda kumwonyesha mzee mmoja mtaa wa Gerezani, fundi wa stelingi tangu enzi hizo, nikampa shikamoo nikamwekea ile kitu mezani kwa majivuno. Akaigeuza geuza, akaniuliza, "Mwanangu, wewe hujawahi kufungua reki ya stelingi?" Akainama chini ya meza akatoa ya gari dogo, akafungua nati ya nyuma kwa spana, springi ikaruka ikadondoka sakafuni. Akasema, "Iokote hiyo, ndio yako." Vijana wote pale wakacheka na mimi nikacheka, utafanyaje.

Cha pili mchanga. Bondeni kule tope na mchanga vikichanganyika na grisi vinakaa kwenye meno vinakuwa kama msasa. Nikaacha reki ya dukani, nikachukua flatibaa mbili nikachomelea nondo fupi fupi katikati kama ngazi, meno ya pinioni yanaingia kwenye vipago na uchafu unadondokea upande wa pili. Hii niliipenda kuliko zote kwa sababu hata mashine ya milingi ya kuchongea meno huhitaji. Nikasachi. Treni za milimani! Sylvester Marsh kule Marekani alipata hataza ya reli yenye meno 1861, na Mswisi Niklaus Riggenbach akachukua ya kwake Ufaransa 1863, reki ya ngazi kabisa, vyuma viwili na vipago katikati, na ndio iliyopandisha treni mlima Rigi 1871. Na hao wenyewe walimkuta John Blenkinsop keshapata hataza ya reli ya meno Uingereza tangu 1811. Yaani nilikuwa kwenye foleni ndefu na wala sikujua kama ni foleni.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndio penye jibu lako. Ukiangalia, hakuna sehemu moja niliyokuta pampu yenye reki mbili NA springi NA ngazi vyote pamoja. Kwa kipimo cha upya nimepita, kwa sababu ili wakuangushe kwenye upya lazima wakute kila kipengele chako ndani ya andiko moja. Nikafurahi. Yule mwalimu akanikata maini, akaniambia upya ni mlango wa kwanza tu, mlango wa pili ni je, fundi wa kawaida anayeijua kazi yake, ukimpa matatizo yale yale na hivyo vitu vyote vinavyojulikana, angeviunga mwenyewe bila kuumiza kichwa? Na kwenye mlango huo wanaruhusiwa kuunganisha maandiko mawili matatu. Plei? Ataweka springi kama ya stelingi. Mchanga? Ataweka ngazi. Kila kitu kinafanya kazi yake ile ile ya siku zote, umeviweka tu jirani. Wamarekani walishalumbana hili mpaka mahakama yao ya juu kabisa, kesi ya kampuni za KSR na Teleflex, 2007, ilihusu pedeli ya mafuta inayosogezwa ambayo mtu kaiunganisha na sensa ya umeme. Mahakama ikasema pedeli ilikuwepo, sensa ilikuwepo, kuziunganisha kulikuwa wazi kwa mhandisi yeyote wa pedeli, hataza chali. Hukumu ya kule haitufungi sisi, ila ile namna ya kufikiri utakutana nayo kila ofisi.

Usije ukadhani basi reki na pinioni imeisha hakuna jipya. Hapana. Roman Abt alikuwa chini ya huyo huyo Riggenbach, akaona ngazi inagonga gonga kila jino linapoingia, akaweka reki mbili au tatu ubavu kwa ubavu lakini meno amepishanisha, jino moja likitoka lingine liko ndani tayari, treni inapanda laini. Hataza 1882, wakati reki zimejaa kila mahali. Eduard Locher naye mlima Pilatus ulikuwa mkali, asilimia 48, pinioni ya kawaida ingeweza kupanda juu ya meno ikachomoka, akailaza reki ikawa na meno pande mbili na pinioni mbili zinaibana kushoto na kulia, treni ikaanza 1889 na mpaka leo inapanda. Hata kwenye stelingi, Arthur Bishop wa Australia alijipatia jina kwa reki yenye meno yasiyofanana, katikati taratibu pembeni haraka. Hawa wote hawakusajili reki na pinioni. Walikuwa na tatizo linalotajika kwa jina na wakalimaliza kwa umbo ambalo aliyekuwa anatengeneza reki siku zote hakuwa amelifikiria.

Kwa hiyo geti lako usiliangalie zima zima. Chukua karatasi, andika sentensi moja ndefu inayotaja kila kipande na kimeshikana vipi na kipande gani, hiyo ndio mbegu ya madai yako, yaani kile unachoomba kilindwe, halafu kila kipande ukisachi na kukikuta kikate kwa mstari. Uzito unaoshuka kuendesha gia nakwambia bila hata kusachi futa, saa za minarani zimeendeshwa hivyo karne na karne. Kitakachobaki kinaweza kuwa kidogo sana, labda kale kalachi, kadude kanakoshika uzito, kanakotambua umeme umekatika na kuachia uzito bila kugonga. Hako ndio kakague kwa nguvu zote. Ila usijaze vipande ovyo ili tu uonekane mpya, kwa sababu ukidai vitu vinne kwa pamoja, mshindani akitoa kimoja tu kisicho na maana anakuwa nje ya hataza yako na anauza geti mbele ya macho yako.

Na kama kilichobaki ni kipya lakini mlango wa pili unaona hautapita, sheria yetu ya hataza, ile Sura ya 217, ina cheti cha ubunifu mdogo, wenyewe wanaita yutiliti setifiketi, hicho kinataka kitu kiwe kipya na kiwe kinatumika kwenye uzalishaji, hakiulizi lile swali la fundi wa kawaida. Ulinzi wake ni wa muda mfupi kuliko hataza ila kwa geti au pampu nadhani unatosha kabisa, na mimi ndiko ninakoelekea. Maombi ni kwa mtandao wa BRELA, unaandaa maelezo, madai, michoro na muhtasari. Ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa pamoja kuna ARIPO, shirika la hataza la nchi za Afrika lililoko Harare. Ukishafungua ombi la kwanza una miezi 12 ya kufungua nchi nyingine na ukahesabiwa tarehe ile ile ya mwanzo, usiipoteze.

Kitu kingine watu wanachanganya, kupata hataza sio ruhusa ya kutengeneza. Unaweza kupewa hataza ya kalachi kako na bado geti lenyewe likawa limekanyaga hataza hai ya mtu. Upande wa pili wa shilingi, hataza ambayo haijasajiliwa ikafika Tanzania haina nguvu hapa, na zilizokufa kama za akina Abt ni chakula cha wote, kopi bila woga. Ngazi ya Riggenbach mimi naitumia mpaka leo na mama mdogo anamwagilia.

Kosa langu kubwa nimelibakiza mwisho maana bado linaniuma. Ile pampu ya kwanza niliipeleka Sabasaba. Nikasimama siku nzima naizungusha, nafungua kifuniko kila anayepita aone, watu wanarekodi, jioni video iko kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka ya ukoo. Kama ndani yake kulikuwa na chochote kipya basi nilikimwaga mwenyewe. Marekani wanakupa mwaka mmoja tangu uanike mwenyewe, Ulaya karibu hawakupi kitu, na nafuu za maonyesho zipo lakini zina masharti na siku zake, mtu asiziwekee dhamana. Ndio maana hicho kipande kilichobaki kwenye pampu yangu sikitaji hapa hata mkinibembeleza, mpaka nipate namba ya ombi.

Picha ya geti uliyoweka nimeikuza nikaiangalia, boksi la gia limefungwa, hakuna kinachoonekana ndani. Bahati yako. Kuna mdau hapo juu anakuomba ulifungue upige nyingine. Usilifungue.