Kwenda Gir kuwaona simba wa Asia

Mwanangu,

Umeniuliza kama Jumamosi moja inatosha kutoka Rajkot kwenda msitu wa Gir, huko huko Gujarat, India, kuwaona simba, na kama umlipe yule wakala aliyekutumia bei. Jumamosi moja haitoshi, na wakala mwache.

Kibali cha kuingia msituni kinatoka kwenye tovuti ya Idara ya Misitu ya Gujarat. Zipo tovuti zinazoiga ile ya serikali na kutoza zaidi, kwa hiyo hakikisha anwani inaishia gujarat.gov.in. Kibali kimoja ni cha gari zima, watu wazima wasiozidi 6. Ukienda peke yako utabeba gharama yote, hivyo jikusanyeni wanafunzi. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, na pasipoti yenyewe mwende nayo, maana nakala haikubaliwi na kibali hakihamishwi kwa mtu mwingine. Ingawa mnasoma huko, mtatozwa bei ya wageni. Jipu la wazi na mwongozaji mtawalipia kando mkifika Sinh Sadan, nyumba ya wageni ya Idara ya Misitu pale kijijini Sasan. Wikendi na sikukuu ya Diwali bei hupanda na nafasi huisha mapema, basi tafuteni siku za katikati ya wiki.

Chukueni zamu mbili au tatu za kuingia msituni, alfajiri na alasiri. Ya katikati ya asubuhi simba wameshalala. Njia mnapangiwa, na dereva haruhusiwi kutoka nje yake, ndiyo maana zamu moja ni bahati nasibu.

Usiende na picha ya Mara kichwani. Gir ni msitu wa mitiki na miti ya miiba, na simba akijilaza juu ya majani makavu ya mtiki, hatua chache tu kutoka barabarani, macho yanampita. Hapo kazi ni ya masikio. Mwombeni dereva azime injini. Swala wa madoa waitwao chital wakipiga ukelele mfupi mkali tena na tena, wote wakielekeza nyuso upande mmoja, na kima juu ya mti wakikohoa, kuna mnyama anatembea. Huenda akawa chui, nao wapo wengi. Baadhi ya waongozaji ni Wasiddi, jamii yenye asili ya Afrika inayoishi Jambur na Sirwan, wasalimie vizuri.

Ukimpata dume, tazama tumbo: kuna mkunjo mrefu wa ngozi unaoning'inia, ambao kwa simba wetu wa Afrika ni nadra. Manyoya ya shingoni ni machache, masikio yanaonekana. Makundi ni madogo, na madume mara nyingi huishi mbali na majike.

Msitu hufungwa 16 Juni hadi 15 Oktoba. Mimi ningechagua mwanzo wa Machi: mitiki imepukutika, wanyama wanafuata maji, na joto la Mei linalopita nyuzi 40 halijafika. Bebeni kofia na kitambaa cha kufunika pua, vumbi ni jingi.

Sensa ya 2025 ilihesabu simba 891, na wengi wanaishi nje ya hifadhi, mashambani. Kwa hiyo mtu atakuja hotelini usiku kukuahidi simba shambani kwa pesa kidogo. Kataa kabisa. Watu hao huwavuta simba kwa chambo, ni kosa la jinai, na simba aliyezoea chambo humkaribia mtu. Mkikosa kote, ipo Devalia, eneo lenye uzio karibu na Sasan.

Ukishajaza fomu ya kibali, nitumie niyasome majina kabla hujalipa.

Mama yako