Hela na risiti zilale mwaka mmoja

Mwanangu Hamisi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Columbus, Ohio, baridi imeshaanza na magoti yangu yanaijua kabla ya mtangazaji wa redio. Mkeo na wajukuu wasalimie.

Uliniuliza kwenye simu Jumamosi, huku mwanao Yusufu anapiga kelele nyuma yako: hela ya binti yako Aziza iliyo kwenye akaunti ya 529, ile ya Marekani ya akiba ya masomo, itumwe kwako, kwake mwenyewe, au moja kwa moja chuoni? Nikakwambia nitakuandikia, maana mambo ya kodi yakisemwa kwa simu hubaki nusu. Kwa nani, nitafika. Kwanza nataka tuzungumze lini, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia, na nyumba hii imeshaumia.

Sheria ni hii: ukitoa hela kwenye 529, faida iliyomo ndani yake haitozwi kodi iwapo katika mwaka uleule wa kalenda umelipia gharama za masomo zinazokubalika, zisizopungua kiasi ulichotoa. Usihesabu mwaka wa masomo, na muhula usiuhesabu pia. Januari hadi Desemba, basi. Hela na risiti zilale mwaka mmoja. Umenisikia nikisema hivyo tangu uko sekondari, na utanisikia tena kabla barua haijaisha.

Unakumbuka mambo ya ndugu yako Rehema. Bili yake ya muhula wa mwisho ilikuja mapema Desemba 2015. Mimi kwa haraka zangu nikailipa tarehe 29 Desemba kutoka akiba ya nyumbani, nikasema hela ya 529 nitaitoa mwaka mpya kwa utulivu nijirudishie. Januari 2016 nikatoa dola 9,400, zikaja kwa jina langu. Rehema akahitimu Mei. Sasa tafuta gharama zake za 2016: ada hakuna, ilishalipwa Desemba. Kilichobaki ni chumba, chakula na vitabu vya miezi mitano, dola 4,100. Kwa hiyo dola 5,300 zikakaa hazina gharama ya kuzifunika. Katika zile 9,400 faida ilikuwa 3,760, na sehemu yake iliyoangukia kwenye 5,300 ni 2,120. Kodi yangu asilimia 15, ni 318. Nyongeza ya asilimia 10, ile adhabu ya kutoa hela bila gharama za masomo, ni 212. Jumla 530. Kwa siku mbili tatu tu! Ningelipa ile bili tarehe 2 Januari, au ningetoa hela tarehe 15 Desemba, nisingetoa hata senti. Marehemu baba yako hakusema kitu. Alichukua kalenda ya ukutani akaizungushia Desemba yote wino mwekundu, na mwaka uliofuata akafanya hivyohivyo, na uliofuata tena. Mtu akinyamaza namna hiyo inauma zaidi kuliko angefoka.

Basi tuje kwa Aziza. Ulisema Agosti ulitoa dola 18,000 zikaja kwako, na bili zote mbili za mwaka huu, ya Januari na ya Agosti, ulizilipa mwenyewe. Nimekaa na zile bili ulizonitumia nikazipitia mstari kwa mstari. Nimetoa bima ya afya ya chuo na kibali cha maegesho, maana hivyo havikubaliki hata vikichapwa kwenye bili ileile ya ada. Nauli ya ndege ya kwenda Tanga Krismasi nayo haimo, usiniulize tena. Simu yake haimo. Intaneti na kompyuta zimo, alimradi anavitumia mwanafunzi mwenyewe akiwa anasoma.

Kilichobaki kwa 2025: ada na michango ya lazima 11,800. Bweni na chakula cha chuo 9,600. Vitabu 700. Laptopu 1,100. Jumla 23,200. Toa ufadhili wa 3,000 aliopewa na chuo, maana ada iliyolipwa na mtu mwingine huwezi kuidai wewe. Inabaki 20,200.

Hapa ndipo wengi wanaposimama, wakajiona salama. Bado. Kuna ile nafuu ya kodi ya wanafunzi wa digrii ya kwanza, AOTC, mnayoidai kwa fomu 8863. Inakurudishia asilimia 100 ya dola 2,000 za mwanzo za ada na vitabu, na asilimia 25 ya 2,000 zinazofuata, yaani hadi 2,500. Lakini dola moja ya ada haiwezi kufanya kazi mbili. Zile 4,000 ulizodaia AOTC zinaondoka kwenye hesabu ya 529. Chumba na chakula havihesabiwi AOTC kabisa, ndiyo maana mpango mzuri ni 529 ilipie malazi na ada ya ziada, na 4,000 za ada zitoke mfukoni. Kwa hiyo 20,200 ukitoa 4,000 ni 16,200. Wewe umetoa 18,000. Umezidisha 1,800.

Ngoja nijipinge mwenyewe, kabla hujanipinga wewe. Wewe na mkeo, na zamu zake za usiku hospitalini, kipato chenu mwaka huu uliniambia kitafika kama 170,000. AOTC kwa wanandoa huanza kupungua kwenye 160,000 na kuisha kabisa kwenye 180,000. Mko katikati, mtapata nusu: 1,250. Je, inafaa kuzitenga 4,000 kwa ajili ya 1,250? Nimeigeuza hesabu mara mbili. Inafaa. Faida ndani ya zile 4,000 ni asilimia 35 tu, yaani 1,400, na kodi ya daraja lenu la kipato, asilimia 22, juu yake ni 308. Unaacha 308 kuchukua 1,250. Ila mkeo akiongeza zamu mkavuka 180,000, hesabu yote inageuka na zile 4,000 zinarudi kwenye 529. Kwa hiyo mwulize kabla ya Desemba kwisha.

Turudi kwenye zile 1,800 zilizozidi. Ni asilimia 10 ya 18,000. Faida yote kwenye 18,000 ni 6,300, utaikuta kisanduku cha 2 cha fomu 1099-Q, ile inayoonyesha hela iliyotoka 529, ikija Januari. Asilimia 10 yake ni 630, na hiyo ndiyo itakayotozwa kodi, kama 139 kwa daraja lenu. Nyongeza ya asilimia 10 haitakugusa, kwa sababu Aziza ana ufadhili wa 3,000, na kiasi kilichozidi kwa sababu ya ufadhili kinasamehewa ile nyongeza, kodi ya kawaida tu ndiyo inabaki. Msamaha huo unajazwa kwenye fomu 5329. Ukiiacha tupu, watakudai.

Lakini kwa nini ulipe hata hizo 139? Leo ni Novemba 2025. Bili ya muhula wa Januari imeshatoka kwenye akaunti ya Aziza ya chuo. Kawaida ningekwambia Januari yote, lipa Januari na utoe Januari. Mwaka huu nabadilisha maneno: kabla ya Desemba 31 lipa 1,800 za bili hiyo kutoka mfukoni mwako, mstari wa ada au wa bweni. Gharama za 2025 zinapanda hadi 18,000 kamili, na hela ya Agosti imepata risiti zake. Zilizobaki za bili zilipe Januari. Usisubiri tarehe 30. Malipo ya kadi hupita siku mbili tatu, na mfumo wa chuo ukiandika tarehe 2 Januari, hiyo ndiyo tarehe yao. Lipa kabla ya tarehe 15, kisha piga picha ukurasa unaoonyesha tarehe. Upande wa kutoa ni vilevile: ukiomba 529 tarehe 30 Desemba, hisa zinaweza kuuzwa tarehe 2 Januari, na mwaka umeshakupita. Hela na risiti, mwanangu.

Sasa swali lako. Hela ikija kwako, 1099-Q inatoka kwa nambari yako ya Social Security. Lakini 1098-T, ile fomu ya chuo inayoonyesha ada iliyolipwa, iko kwa nambari ya Aziza. Mashine za IRS, watoza kodi wa Marekani, zinaona umepokea 18,000, hazioni ada upande wako, na miezi kadhaa baadaye unaweza kuletewa barua ya kukuuliza. Si kosa, wala hutakiwi kuambatisha chochote kwenye ritani iwapo yote yamefunikwa. Ila ujue una kazi ya kujibu, na jibu ni risiti. Hela ikienda kwa Aziza au chuoni, fomu zote mbili zinakaa kwa jina lake. Zikizidi kidogo, kodi ni yake, na mtoto mwenye kipato kidogo huenda asilipe kitu. Ikivuka 2,700 kwa 2025 ndipo kiwango chenu wazazi kinaanza kutumika juu yake. Kupeleka chuoni nako kuna taabu zake: hundi huchukua siku, na kuna ofisi za mikopo zinazoiona hela ya nje zikaidhania ufadhili, zikapunguza msaada wao. Kwa hiyo iende kwenye akaunti ya benki ya Aziza, alipe yeye. Mwambie tu asinunue viatu.

Mwaka ujao anahamia fleti na wenzake wawili. Hapo angalia. Akiwa nje ya bweni, malazi na chakula vina dari: ni kiasi ambacho chuo chenyewe kimeandika kwenye makadirio yake ya gharama kwa wanaokaa nje. Kodi ya chumba ikiwa 750 kwa mwezi na chakula 350, kwa miezi 12, kama kiangazi naye anasoma, ni 13,200. Chuo kikiwa kimeandika 11,400, unadai 11,400, nyingine zitoke kwingine. Lazima awe amesajiliwa angalau nusu ya masomo. Miezi ya kiangazi ambayo hasomi, kodi ya chumba ya miezi hiyo usiiingize. Ule ukurasa wa makadirio upige picha kila Agosti, kwa sababu wanaubadilisha kila mwaka na wa zamani hauonekani tena. Na zile risiti za dukani za karatasi laini hufutika. Mwaka mmoja kwenye droo zinabaki nyeupe kama hazikuwahi kuandikwa. Zipige picha siku ileile.

Akiacha somo katikati ya muhula chuo kikarudisha hela, una siku 60 tangu siku ya kurudishiwa kuziingiza tena kwenye 529 yake yeye. Zikipita, ile hela inahesabiwa kama uliitoa bure. Na Ohio nayo, iliyokupa punguzo la hadi 4,000 kwa mwaka ulipokuwa unaweka, ikiona hela imetoka bila sababu ya masomo inataka punguzo lake lirudi.

Jambo jingine dogo. Digrii ya miaka minne inagusa miaka mitano ya kodi. Aziza alianza Agosti 2024, atamaliza Mei 2028: 2024, 2025, 2026, 2027, 2028. AOTC ni mara nne tu. Mliidai 2024, kwa hiyo 2028 haipo, na mwaka huo ada yote inaweza kutoka 529 bila kutenga zile 4,000. Lakini 2028 ina muhula mmoja tu wa gharama, kama 2016 ya Rehema. Bili ile ya mwisho ilipwe Januari 2028 na hela itolewe Januari 2028.

Kuhusu zitakazobaki akihitimu, ulisema kama 9,000, na ukauliza nadhani nini. Hiyo ni akaunti yako. Njia ziko nyingi. Unaweza kumbadilishia Yusufu, hakuna kodi. Na ada ya shule yake ya Kiislamu inakubalika, dola 10,000 kwa mwaka hadi mwisho wa 2025 na 20,000 kuanzia 2026. Unaweza kulipia mkopo wa masomo wa Aziza, hadi 10,000 maishani mwake. Unaweza kuzihamishia Roth IRA yake, akaunti ya akiba ya uzeeni, kwa kuwa akaunti ulifungua 2009 na miaka 15 imeshapita. Ila awe na kipato cha kazi, isizidi kikomo cha mwaka cha IRA, 35,000 maishani, na ulichoweka ndani ya miaka mitano ya mwisho hakihami. Zote halali. Mimi sitasema.

Ila kwa kuwa umeniuliza: binamu wa kwanza naye yumo kwenye orodha ya jamaa wanaoweza kuandikwa. Na Rehema ana mtoto. Basi, nimenyamaza.

Nitumie picha ya malipo ya 1,800 ukishalipa, na uniambie kipato cha mkeo kabla ya tarehe 10 Desemba. Kalenda ya ukutani nimeshaizungushia wino mwekundu.

Mama yako