Damu inapungua kila mara, na si selimundu

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka sita huishiwa damu mara kwa mara, macho yake ni ya njano, na kipimo cha selimundu kinasema hana. Kila tunapokwenda kituo cha afya hapa Mbagala tunapewa dawa ya kuongeza damu. Mimi na baba yake ni wazima. Tatizo ni nini?

JIBU: Pole, mama. Unjano huo unaashiria kwamba chembe nyekundu zinavunjwa kabla ya muda wake, wala si kwamba mwili umekosa vitu vya kuzitengenezea. Daktari wa magonjwa ya damu atahesabu chembe changa, atafanya kipimo cha Coombs, kinachoonyesha kama kinga ya mwili ndiyo inayozivunja, kisha ataangalia maumbo ya chembe hizo kwenye darubini. Maumbo yakiwa ya kawaida, na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozikinga chembe nyekundu, ambao si haba ukanda huu wa Pwani, ukiwa haupo, ndipo hufikiriwa upungufu wa kimeng'enya cha pairuveti kinesi, kinachozipatia chembe nyekundu nishati, ambao ni nadra. Huo hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili ilhali wao wenyewe hawaumwi.

Hapa ndipo wengi hukwama: damu ya kupimia kimeng'enya ichukuliwe kabla mtoto hajaongezewa damu, kwa sababu chembe za mchangiaji huweza kuishi hadi siku 120, na majibu yanaweza kuonyesha kimeng'enya cha mchangiaji badala ya cha mtoto. Ikiwa ameongezewa karibuni na hali haimruhusu kusubiri takribani miezi mitatu, kipimo cha jeni ya PKLR, inayobeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho, husaidia, na ninyi wazazi mkipimwa kimeng'enya, kwa kawaida kila mmoja huonekana na takribani nusu ya kiwango cha kawaida.

Dawa hiyo ya kuongeza damu mwonyesheni daktari. Ikiwa ni madini ya chuma, asiendelee nayo kabla ya kupimwa feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, kwani katika ugonjwa huu chuma hurundikana kwenye ini hata kwa asiyeongezewa damu mara nyingi. Asidi ya foliki ni jambo jingine, hiyo mara nyingi anaihitaji.

Kuongezewa damu kuamuliwe kwa hali ya mtoto, si kwa tarakimu pekee, maana chembe hizi huachia oksijeni kwa urahisi na mtoto huweza kucheza akiwa na kiwango kinachotisha kwenye karatasi. Kuondoa bandama hupunguza haja ya damu bila kuponya, na hakufanywi kabla ya chanjo za nimonia na uti wa mgongo. Kwa mji wenye malaria kama wetu, na bandama ikiwa husaidia kupambana nayo, mimi siukimbilii upasuaji huo.

Mkienda kliniki ya damu Muhimbili, chukueni kadi zote zenye tarehe alizoongezewa damu, na baba yake aende pia.