Marekani Hawalipi Maumivu ya Mgongo

Binamu yangu wa Kayole, Nairobi, alianguka kutoka jukwaani kwenye mjengo mapema mwaka huu, na tangu hapo kiuno hakijakaa sawa. Juzi akaniandikia: "Nasikia huko serikali inalipa watu wenye migongo mibaya. Si wewe unalipwa ukiwa umekaa tu? Nitumie mwaliko nije nijiandikishe." Mama mdogo naye akapiga simu kulalamika kwamba tangu nianze kula pesa za bure nimekuwa mkono wa birika. Basi nawajibu wote pamoja.

Nalipwa, ndiyo, kwa ajili ya mgongo wangu. Ila nilianza kuzilipia hizo pesa nikiwa bado na kazi ya kuosha wazee hapa Marekani. Kila mshahara asilimia 6.2 ilikatwa ikaenda Social Security, mfuko wa serikali wa wazee na walemavu, na mwajiri akatoa kiasi hicho hicho. Ukilemaa, kabla hawajakuuliza unaumwa wapi, wanaangalia ulichanga kiasi gani. Aliyelemaa akiwa na miaka 50 anatakiwa awe na krediti 28, na 20 kati ya hizo ziwe za miaka 10 ya mwisho. Mwaka 2025 krediti moja ilipatikana kwa mapato ya dola 1,810, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne. Piga hesabu, ni miaka saba ya kazi halali. Mwenye viza ya matembezi hana hata ruhusa ya kufanya kazi, hizo krediti atazitoa wapi?

Upo mfuko mwingine, SSI, wa watu wasio na kitu. Kiwango chake cha juu kilikuwa dola 967 kwa mwezi mwaka 2025, na mali yako isizidi dola 2,000, ukiacha nyumba unayoishi na gari moja. Huo nao, hata mwenye green card (kibali cha kuishi huku moja kwa moja) aliyefika majuzi kwa kawaida hauoni. Kwa hiyo binamu, mambo ya mwaliko tuyaache hapo.

Sasa mgongo wenyewe. Kusema "naumwa" hakuhesabiki, na picha ya MRI peke yake haitoshi, kwa sababu wapo wengi wenye diski zilizotokeza na wanacheza mpira. Ili upite moja kwa moja, picha ionyeshe neva imebanwa, daktari akute misuli imelegea na ngozi imekufa ganzi mahali pale pale, na uwe umefikia hali ya kuhitaji kitu kama fremu ya kutembelea inayoshikwa kwa mikono yote miwili. Tena hali hiyo iwe imedumu, au itarajiwe kudumu, miezi 12. Mimi sikufika huko. Mguu wa kushoto unakufa ganzi na siwezi kuketi muda mrefu, lakini fimbo moja inanitosha.

Usipofika huko, wanageukia swali jingine: umebakiwa na nguvu za kufanya nini? Hapo ndipo penye kazi. Wananiletea fomu inayouliza nani anakupikia, unavaaje soksi, dukani unaenda mara ngapi, siku yako inaanzaje na kuishaje. Mwanamume wa Eastlands kuandika kwamba binti yake ndiye anayemvalisha soksi si mchezo. Lakini ukijitia ushujaa kwenye fomu ile umejimaliza. Andika "napika vizuri tu" na atakayesoma ataandika kwamba unaweza kusimama jikoni, na anayesimama jikoni anaweza kusimama kazini.

Kisha wakanituma kwa daktari wao. Akanilaza chali, akashika kisigino, akainua mguu ukiwa umenyooka hadi nikapiga kelele. Akaniambia nitembee kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Muda wote anaandika, na maumivu yangu hayakumshtua.

Barua ya kwanza ilisema hapana. Wakenya wengi hapa huishia hapo, wanarudi kazini na mgongo uleule. Una siku 60 za kukata rufaa. Wanalitazama faili upya, wakikataa tena unaomba kusikilizwa na jaji. Wakili halipwi usiposhinda. Ukishinda anachukua robo ya malimbikizo, na mwaka 2025 haikuruhusiwa kuzidi dola 9,200.

Mbele ya jaji kulikuwa na mtaalamu wa kazi. Akasema mtu wa hali yangu, kuinua wazee hawezi tena, lakini anaweza kuketi kiwandani akachambua njugu. Njugu! Nilitaka kucheka, ila kucheka nako kunauma. (Mwaka 2024 Social Security yenyewe ilitaja kazi 13 za kizamani zisizotakiwa kutumika kumnyima mtu malipo bila ushahidi wa ziada, na hiyo ya njugu imo.) Wakili wangu akamuuliza: na kama mtu huyu lazima alale chini mara kadhaa kwa siku, mbali na mapumziko ya kawaida, kuna atakayemwajiri? Akajibu hakuna. Hapo ndipo dai liliposimama.

Mama mdogo, malipo ya wastani ya mlemavu aliyechanga mwaka 2025 yalikuwa kama dola 1,580 kwa mwezi, na mimi siko mbali na hapo. Kodi ya nyumba inameza zaidi ya nusu. Miezi mitano ya kwanza ya ulemavu hailipwi kabisa, na bima ya Medicare inaanza baada ya miezi 24 ya malipo. Kibarua cha pembeni nacho kina mpaka: mwaka huo, ukizoea kuingiza zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi, wanaona umepona. Kwa hiyo nikituma elfu tano badala ya kumi na tano, sijafumba mkono.

Binamu, wewe uliumia kazini, na Kenya ina sheria ya fidia ya majeraha kazini, WIBA, ya mwaka 2007. Mwajiri anatakiwa kuwa na bima, hata kama wewe ni wa kulipwa kwa siku. Dai linawasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, kwa hiyo kontrakta akikuzungusha nenda Idara ya Usalama na Afya Kazini mwenyewe. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nayo uifuatilie. Utapimwa kwanza katika hospitali ya serikali. Ukipata kazi ya mshahara, inakuwezesha kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi, tena kwa walemavu wa hali mbaya zaidi, usiitegemee.

Nipigie picha karatasi za hospitali, zote, na uniandikie tarehe uliyoanguka, jina la kontrakta na nani alikuwepo. Nauli ya kwenda huko ofisini nitatuma Ijumaa.