Mlinzi wa mnara alijuaje moto uko wapi?

Ndugu, umeuliza minara ya kulinda moto msituni kule Marekani ilianzaje, na mtu mmoja kileleni aliwezaje kusema moto uko wapi hasa.

Chachu kubwa ilikuwa mwaka 1910. Moto wa Agosti ulifagia takriban hekta milioni 1.2 huko Idaho na Montana kwa siku 2 tu, na wengi waliokufa walikuwa wazima moto wenyewe. Baada ya hapo, Idara ya Misitu ilishikilia kwamba moshi uonekane ungali mdogo. Minara mingi ilijengwa miaka ya 1930 na vijana wa CCC, kikosi cha serikali kilichowapa kazi vijana wasio na ajira, tena mahali ambapo mbao na vioo vilipandishwa kwa nyumbu.

Kuhusu mahali pa moto: katikati ya chumba palikuwa na ramani ya duara yenye kilengeo kinachozunguka, kifaa alichokibuni William Osborne. Mlinzi alilenga moshi, akasoma pembe kutoka kaskazini, akapiga simu. Mnara wa pili ulisoma pembe yake. Mistari miwili ilipokatana kwenye ramani, moto ulikuwa hapo. Radi ikipiga, mlinzi alisimama juu ya kigoda chenye miguu ya kioo, maana kioo hakipitishi umeme!

Usimsahau Hallie Daggett. Aliajiriwa 1913 kuwa mlinzi wa moto katika kituo cha Eddy Gulch, California, wakati wengi hawakuamini mwanamke angeweza kukaa peke yake mlimani. Alirudi huko msimu baada ya msimu kwa zaidi ya miaka 10.